Kivuli cha Sita

Kabla hujaanza kunitafutia maelezo, nikwambie kwamba nimeshayasikia yote. Nimeambiwa nilikuwa na njaa. Nimeambiwa kazi ya kukodolea kompyuta macho inaharibu akili. Muuza chipsi wa mlango wa pili akasema ni malaria imepanda kichwani. Nilikwenda kupima, sikukutwa nayo. Haya yalinipata mimi, saa tisa mchana, Kihonda, mlango ukiwa wazi, na muuza chipsi huyohuyo akimenya viazi hatua kumi kutoka nilipokaa. Sikusimulii ili unihurumie. Nasimulia kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe haijapungua mpaka leo.

Mimi ni dizaina. Natengeneza kadi za harusi, mabango ya saluni, fulana za misiba, vyeti vya watoto wa chekechea. Nasafisha pia picha za zamani zilizochanika na kuliwa na unyevu. Ni mwanamke, na nalisema mapema kwa sababu wateja wengi wakiingia huangalia nyuma yangu na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Nimeshazoea kujibu.

Sikusomea popote. Baba alikuwa mkata miwa huko Turiani, mtu wa kuja kutoka mbali. Mama alikuwa Mluguru wa milimani. Alituambia hivyo tu, kwamba kwao ni milimani na kwamba ndugu zake waligombana naye alipoolewa na mtu asiye wa kabila lao. Hakuwahi kutupeleka. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu Salma alikuwa darasa la kwanza, na Idi alikuwa bado anatambaa. Nani angewalea? Nilikunja sare yangu nikaiweka chini ya godoro, na sikuivaa tena.

Kihonda nilikuja kufagia. Kulikuwa na steshenari ya kaka mmoja aitwaye Benja, nikawa nadeki, natoa fotokopi, nachemsha chai. Alipokuwa akitengeneza picha nilisimama nyuma yake na ufagio mkononi, hata siku moja akageuka akasema, "Kama unasimama kila siku, basi kaa." Ndiyo masomo yangu. Benja hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na sheria mbili ambazo alizirudia mpaka zikanichosha. Ya kwanza, usiguse faili la mwanzo. Toa nakala, fanyia kazi nakala, ile ya kwanza ilale salama. Ya pili, ukimtoa mtu kwenye picha, toa na kivuli chake. "Mteja ataona kuna kitu," alisema, "hata kama hajui anaona nini." Benja alipohamia Dodoma aliniachia fremu ya duka, mashine na wateja. Nikawa fundi.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa Alhamisi. Akaingia mzee mmoja amevaa kofia safi, mpole, ananukia marashi. Nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Fundi yupo?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Wewe? Haya. Dunia imebadilika."

Alijitaja kuwa Mzee Shomari wa Bigwa juu. Hilo lenyewe lingenishtua kama ningekuwa na akili. Kutoka Bigwa mpaka Kihonda mtu anapita katikati ya mji wote, na mjini steshenari zimebanana kama meno. Kwa nini aje mpaka kwangu? Leo najua. Alitaka mahali ambapo hakuna anayemjua.

Alifungua gazeti akatoa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Nyumba ya udongo, migomba pembeni, watu sita mbele yake. Mwanamke ameketi kwenye kigoda. Nyuma yake mumewe. Kushoto mwanamke mwingine anayefanana naye. Kulia watoto: kijana wa kiume, "huyu ndiye mimi," alisema Mzee Shomari, kisha msichana mrefu, na mwisho kabisa, karibu na migomba, msichana wa miaka kumi na sita hivi, miguu pekupeku, amekumbatia kanga iliyokunjwa. Uso wake ulikuwa umepitiwa na mkwaruzo kutoka jicho hadi kidevu. Jua lilikuwa la asubuhi, na kila mmoja alikuwa na kivuli kirefu chini, kimelala upande wa kushoto.

"Isafishe, ikuze, niwekee na kioo," alisema. "Na huyu wa mwisho mtoe."

"Ni nani huyu?"

"Si wa kwetu. Mtoto wa jirani, alijipenyeza tu wakati picha inapigwa."

"Mbona kama ana sura ya huyu mama aliyeketi?"

Akatabasamu. "Mwanangu, wewe ni fundi au mpelelezi?"

Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Siku hiyo asubuhi Salma alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa michango, yuko nyumbani anafua nguo kwa hasira. Nikaiskani picha, nikatoa nakala kama nilivyofundishwa, nikaanza. Nilichukua majani ya migomba kutoka pembeni nikayapanda juu ya yule msichana, jani kwa jani. Nikachukua udongo wa uani nikafunika miguu yake, kisha kivuli chake. Nilifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilifanya vizuri sana. Usingejua kwamba pale palikuwa na mtu.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Nilipomaliza akauliza, "Humo ndani imebaki nyingine?"

"Ipo ile ya mwanzo. Huwa tunaihifadhi."

"Ifute. Sitaki picha za familia yangu zizagae."

Nikafuta. Akaniambia nifute na kwenye kapu la takataka, maana mjukuu wake alimwambia vitu hubaki mle. Nikafuta na humo. Akakunja picha yake kwenye gazeti akaondoka, akasema kubwa ataifuata Jumatatu ikiwa na kioo.

Sheria ya kwanza ya Benja niliivunja kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi mvua ilishuka kutoka milimani. Unajua mvua ya Uluguru, haikupigii hodi. Nilikimbia kutoka dukani kwa jirani nikaingia kwangu nimelowa, nikarusha kandambili mlangoni. Moja ilianguka chali. Umeme ulikuwa umekatika, nikawa natumia laptopu kwa chaji iliyobaki, naiandaa ile picha ya mzee ili Jumatatu asubuhi niichape. Nikasikia mtu mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," nilijibu bila kuinua macho. "Karibu. Fotokopi hakuna, umeme umekatika."

"Sikuja fotokopi. Nimekuja kuulizia nafasi yangu."

Kila wiki huja wasichana kuuliza kazi. Nikasema, "Nafasi ya kazi hakuna, mdogo wangu. Hapa niko peke yangu na sijitoshi."

"Si ya kazi. Nafasi yangu ya pale mwisho, karibu na migomba."

Hapo nikainua macho.

Alikuwa pekupeku. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka maneno hayasikiki, lakini nguo yake ilikuwa kavu na miguu yake mikavu, ina vumbi. Amekumbatia kanga iliyokunjwa. Usoni alikuwa na alama nyembamba kutoka jicho hadi kidevu, si kovu, ni kama mtu amepitisha ukucha kwenye karatasi. Niamini, sikupiga kelele. Watu huuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbilie wapi? Yeye ndiye aliyekuwa mlangoni.

"Tangu juzi nasimama," alisema. Alikuwa na lafudhi ya watu wa juu, anavuta mwisho wa neno. "Nasimama na sina pa kusimama."

Na mimi, badala ya kuogopa, nikakasirika. Labda hofu kwangu hutoka kwa sura hiyo, sijui. Nilimwambia, "Kamuulize mzee aliyekuleta hapa. Mimi nimeagizwa."

"Mkono ni wa nani?"

Nikarudisha macho kwenye laptopu.

"Nakuuliza dada. Mkono ulionifuta ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema. "Unataka nifanyeje? Nimefuta faili la mwanzo. Picha yenyewe anayo yeye. Sina uso wako, sina miguu yako, siwezi kukutengeneza kutoka hewani. Siwezi."

Alinitazama. Yale macho hayakuwa na huruma hata chembe. Kisha akasema, "Basi nipe hata kivuli."

Mvua ikakata ghafla kama mtu amefunga bomba, na jua la saa tisa likaingia mlangoni. Kiti kikatupa kivuli sakafuni. Mashine ya kuchapia ikatupa chake. Miguu ya meza, ndoo, mimi. Yeye alikuwa amesimama katikati ya mwanga wote ule na chini yake hapakuwa na kitu. Sakafu tupu.

Nikachukua simu nikapita pembeni yake nikatoka nje. Sijui kwa nini sikuendelea kwenda. Nilitafuta pahali ambapo udongo ulikuwa umeanza kukauka chini ya upenu, nikasimama kwa namna kivuli changu kilale kushoto kama vile vya kwenye picha, nikakunja mikono kifuani kama mtu aliyekumbatia kitu, nikakipiga picha kivuli changu mwenyewe. Ni kazi ya kawaida kwetu. Ukikosa kitu unapiga chako.

Muuza chipsi alicheka. "Dada dizaina, leo wateja wamekuwa matope?"

"Menya viazi vyako," nikamwambia.

Nilirudi ndani. Alikuwa bado amesimama. Nikakihamishia kivuli kwenye laptopu, nikakiondoa rangi, nikakilaza chini ya migomba, mahali penyewe, nikakivuta mpaka urefu wake ukalingana na vingine. Watu watano, vivuli sita. Nilipohifadhi faili, chaji ikaisha na kioo kikawa cheusi. Nikainua kichwa.

Hakuwepo. Muuza chipsi anaapa kwamba hakuona mtu akiingia wala kutoka. Ila mlangoni, zile kandambili nilizorusha zilikuwa zimepangwa sambamba, zote mbili zimesimama vizuri. Ile iliyoanguka chali ilikuwa imegeuzwa.

Jumatatu niliichapa picha, nikaitia kioo. Nilijua mzee akikiona kivuli atakataa kazi na kunitukana. Nikasema atukane. Lakini hakuja. Alipiga simu: "Mwanangu, nimebanwa na kikao huku. Panda bodaboda uniletee mpaka Bigwa, halafu utauliza ofisi ya mtaa."

Nilikwenda. Bodaboda ilinifikisha njia ilipoishia, nikapanda kwa miguu na kile kioo mgongoni. Ofisini kulikuwa na watu kama ishirini barazani, mwenyekiti wa mtaa mezani, na pembeni kijana aliyevaa viatu vya kung'aa ambaye niliambiwa amekuja kununua shamba. Chini kwenye mkeka aliketi bibi mmoja mdogo wa umbo, macho yameingia ukungu. Mzee Shomari alinipokea mzigo bila kunitazama, akachana karatasi, akaunyanyua ili watu waone.

"Mama mdogo anasema picha yake ya ukutani inamwonyesha Asha," alisema. "Nikaichukua nimtengenezee, ile ndogo imeliwa na mchwa. Haya, hii hapa. Hesabuni. Mama, baba, mama mdogo mwenyewe, mimi, na dada yangu marehemu ambaye hakuacha mtoto. Asha yuko wapi? Hapakuwa na Asha. Ni uzee tu, tumsamehe."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kumwonea mtu haya. Nilielewa hapo hapo, hakuna aliyehitaji kunieleza. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hupita kwa mama. Kama yule mama wa kwenye kigoda alikuwa na binti mwingine, na binti huyo ana watoto, shamba lile si la Mzee Shomari kuliuza. Na shahidi pekee aliyebaki alikuwa yule bibi, dada wa mama wa kwenye kigoda, naye alikuwa anaegemea picha moja tu ukutani kwake. Mzee akaenda kuichukua hiyo hiyo ili imwite kichaa.

Bibi aliomba asogezewe. Akapitisha kiganja juu ya kioo mpaka kwenye migomba. "Alisimama hapa," alisema. "Mmemtoa mwanangu."

"Bibi, tumehesabu ni watano," mwenyekiti alisema kwa upole. Alikuwa ameshashika muhuri.

Jina la mama yangu lilikuwa Asha. Kina Asha wako wangapi duniani? Sikulifikiria hilo. Nilichofikiria ni kile kicheko.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba uhesabu vivuli."

"Wewe nani?"

"Fundi wa picha. Hesabu vivuli, mzee wangu."

Akahesabu kwa kalamu. Akarudia. Akamwita kijana wa viatu vya kung'aa naye ahesabu. "Sita," kijana alisema, na akasogea nyuma.

"Watu watano hawatoi vivuli sita," nikasema. "Palikuwa na msichana hapo, pekupeku, ana kanga. Nimemfuta mimi. Huyu mzee ndiye aliyeniambia nimfute."

Mzee Shomari hakutikisika. "Huyu ni fundi wa picha, jamani. Akitaka anaweza kunichora na mkia. Kivuli kitamshinda?"

Watu walicheka tena, na tuseme kweli, alikuwa amesema kweli. Kivuli kile kilikuwa changu, nilikibandika mwenyewe. Nilisimama pale na uongo uliokuwa unasema ukweli.

Bibi alikuwa amenigeuzia uso. "Sauti hiyo," alisema. "Wewe mtoto wa nani?"

"Nimezaliwa Turiani, bibi. Mama alikuwa Asha. Alifariki."

"Asha aliyeolewa na mkata miwa?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyecheka. Bibi alinivuta mkono akaushika mikononi mwake, ule wa kulia, akaugeuzageuza kama anatafuta kitu. "Mkono huu," alisema. "Umemfuta mama yako kwa mkono huu."

Mzee Shomari alikuwa ametazama milimani. Mjomba wangu. Kaka wa mama yangu, tumbo moja. Nilimuuliza mbele ya watu wote kama alinijua alipoingia dukani kwangu. Akasema, "Ningekujuaje? Tuliambiwa na ninyi watoto hamkupona." Hakuomba radhi siku hiyo wala nyingine. Mnunuzi aliondoka bila kuaga, mwenyekiti akafunga muhuri wake, na mauzo hayakufanyika. Leo Salma na Idi wanapanda huko kila Jumamosi, kuna migomba na maharage, na bibi anawafundisha majina ya mipaka.

Utasema basi, mambo yameisha vizuri. Hayajaisha.

Nilikuwa nashuka kutoka Bigwa siku ile nilipokumbuka zile kandambili. Mama yangu hakuweza kuipita kandambili iliyolala chali. Awe anagombana, awe anaumwa, angesimama aigeuze. "Unamwonyesha Mungu nyayo?" angetuuliza. Nilikaa chini pale njiani, watu wakanipita na mizigo yao.

Ndiye aliyekuja dukani. Alikuja jinsi alivyokuwa siku ile ya picha, hajafika Turiani, hajaolewa, hajanizaa. Hakunijua. Alinitazama kama adui, na alikuwa na haki. Na alipoingia aliniamkia. Mama yangu mzazi, aliyenizaa, alinipa shikamoo, nami nikaipokea. Nilisema marahaba bila hata kuinua macho. Wewe uliyelelewa na mama niambie, mtu anabeba vipi jambo kama hilo?

Idi haukumbuki uso wa mama. Hatukuwa na picha yake hata moja; ile ndogo ya karatasi mjomba anashikilia kwamba mchwa waliimaliza, na nakala pekee iliyokuwepo duniani niliifuta na kuimwaga kutoka kwenye kapu. Ile yenye kioo iko kwa bibi ukutani. Idi akienda huko huweka kidole kwenye kivuli na kusema, "Huyu mama." Sijamwambia ni changu.

Na kuna jambo jingine. Tangu Jumamosi ile, picha yoyote ninayopigwa juani, mimi nipo, kivuli changu hakipo. Ukinitazama kwa macho utakiona, nami nakiona. Kwenye picha hakuna. Siku ya mahafali ya Salma tulipigwa watu saba uwanjani, vivuli sita. Salma alihesabu, akanitazama, akaniambia polepole, "Dada, siku nyingine wakipiga picha, wewe simama chini ya paa."

Kwa hiyo nawe unayefanya kazi hii, au unayemtuma fundi: ukiletewa picha ukaambiwa mtoe huyu, uliza ni nani. Ukiambiwa si wa kwetu, uliza tena. Wakikuuliza kama wewe ni mpelelezi, sema ndiyo. Faili la mwanzo usilifute hata mteja akikusimamia shingoni, hata nyumbani hakuna unga. Na akiingia msichana pekupeku na vumbi miguuni siku ya mvua, akakuamkia, usikimbilie kuitikia. Inuka. Mtazame usoni kwanza.

Mimi siitikii tena shikamoo ya mtu yeyote. Watoto wa jirani wananiona nina majivuno. Wacha waone hivyo.